Kitu kikikwama njia ya haja kubwa, usikae nacho kwa aibu

Nawaomba radhi mapema wazee wetu, na yule anayesoma haya mtoto akiwa ubavuni amtume dukani kwanza. Mada ya leo haizungumzwi barazani. Ni ya hospitali, nami ni mtu wa hospitali: nina zaidi ya miaka ishirini katika uuguzi, mingi yake chumba cha dharura na thieta hapa kisiwani, na nyumbani kwangu ni Makadara.

Katika miaka yote hiyo sijaona jambo linalofichwa kama kitu kukwama kwenye njia ya haja kubwa. Mtu ataeleza kisonono chake, japo kwa kunong'ona. Hili hasemi. Atakwambia tumbo linamkata, au ana bawasiri, au hajapata choo siku tatu, na daktari atatibu hiyo bawasiri huku chenyewe kimo ndani. Nimemshuhudia mtu mzima akipigwa eksirei, picha ikaonyesha chupa, mwili wake na shingo yake, naye bado anaapa ni gesi. Gesi haina kizibo.

Naandika kwa ajili ya mtu huyo, na kwa mke au mama anayemwona akipinda kwa maumivu na haelewi. Mara nyingi kitu chenyewe hutolewa bila kisu. Kinacholeta msiba ni zile siku mbili tatu za kujifungia chumbani, za kuchokoachokoa na kunywa dawa za kuharisha.

Kwanza tuelewe mahali penyewe. Utumbo mpana unamalizikia katika mfuko uitwao puru, wenye urefu wa sentimita 12 hadi 15 hivi. Chini ya puru kuna mfereji mfupi wa kama sentimita 4, wenye misuli miwili ya kufungia. Msuli wa nje tunautawala wenyewe. Wa ndani hautusikii: ukiuchokoza au ukiwa na hofu, unajikaza. Juu ya puru utumbo unapinda kama herufi S, na hapo ndipo kitu kikishapita huwa kigumu kukifikia kwa mkono. Tena kitu kama chupa au gilasi hujishika kwa mvuto wa hewa. Ukivuta kutoka chini, utumbo wa juu yake unanyonya, kama ufanyavyo mdomo kwenye kikombe. Ndiyo maana mtu anavuta kwa nguvu zake zote na kitu hakiji, na kila anapojaribu tena anakisukuma mbele zaidi.

Vinafikaje huko? Watu wakisikia habari hizi akili zao zinakwenda upande mmoja tu, lakini vingine vimepitia mdomoni. Sisi ni wala samaki. Bibi zetu walitufundisha kwamba mwiba ukikukaa kooni umeze tonge kavu la wali au ndizi bila kutafuna. Sikushauri, maana tonge linaweza kuuzamisha mwiba kwenye nyama ya koo. Lakini tuseme umeshuka. Madaktari wanakadiria kwamba katika vitu 100 vinavyomezwa, 80 hadi 90 hutoka vyenyewe, 10 hadi 20 hutolewa kwa kamera, na kama 1 tu huhitaji upasuaji. Mwiba nao mara nyingi hupita salama. Usipopita, hupenda kukwama penye wembamba au penye kona: pale utumbo mwembamba unapoingia kwenye mpana, pale kwenye ile S, na mwisho kabisa mlangoni. Huo wa mlangoni umepita mwili mzima na kushindwa hatua ya mwisho.

Dalili yake ni maumivu yanayochoma pale pale, kila ukienda choo, kama umekalia sindano. Bawasiri ya kawaida hutoa damu na huwasha, haichomi hivyo. Mpasuko wa ngozi ya mlangoni nao huchoma, kwa hiyo usijipime mwenyewe kwa kusoma makala, nenda ukaangaliwe. Mwiba ukiachwa huweza kutunga jipu pembeni, na mwenye kisukari akipata jipu mahali hapo asilale nalo hata usiku mmoja. Tuna wenye kisukari wengi mno pwani kulichukulia hili kwa mzaha.

Vijiti vya kuchokolea meno ni vibaya kuliko miba, kwa sababu vina ncha na ni vya mti, na mti hauonekani vizuri kwenye eksirei. Kipande cha kijiti cha mishkaki ni hivyo hivyo. Wazee humeza meno ya bandia usingizini. Na mwezi wa Ramadhani, wakati wa daku, mtu ana usingizi, taa imezimwa, anameza kidonge kikiwa bado ndani ya karatasi yake ya kung'aa, ambayo ina kona kali. Mwenye kumpa mzee wake dawa usiku amtolee kidonge kabisa, asimkatie kipande cha karatasi na kumpa mkononi.

Mbegu pia. Katika nchi za Bahari ya Kati na Mashariki ya Kati madaktari wameandika mengi juu ya watoto na watu wazima waliokula tunda la dungusi kakati, tikiti au mbegu za alizeti, wakameza mbegu zote, zikajikusanya kwenye puru zikawa bonge kama saruji. Sioni kwa nini mbegu za mabuyu zingekuwa na huruma zaidi. Mtoto afyonze, kisha ateme.

Upande wa chini nao una mengi. Kuna kina mama wanaowatia watoto wachanga kipande cha sabuni ili wapate choo. Sabuni huunguza utando laini wa ndani. Mtoto anyonyaye maziwa ya mama peke yake anaweza kukaa siku kadhaa bila choo na asiwe na ugonjwa wowote, maadamu ananyonya, tumbo ni laini na choo kikija si kigumu. Kuna watu wazima wenye choo kigumu wanaojisaidia kwa kijiti au mpini. Kuna walioingiza kitu kwa sababu zao, na hizo ni baina yao na Mola wao. Muuguzi hahitaji kuzijua ila ajue ni kitu gani. Na kuna walioingiziwa kwa nguvu. Hao nitawarudia.

Tena kuna unga. Pwani yetu ni njia ya heroini, hilo si siri: Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 ndani ya jahazi mashariki ya Mombasa. Sehemu ya biashara hiyo husafiri ndani ya matumbo ya watu. Wako wanaomeza kete zilizofungwa kwa ajili ya safari, na wako wanaozisukuma nyuma haraka polisi wakigonga mlango. Hizi za haraka huwa zimefungwa ovyo na huvuja upesi. Hapa sheria ni tofauti na vitu vingine: kete hazivutwi kwa koleo wala kwa kidole, maana zikipasuka ndani mtu anaweza kufa mbele yako. Mara nyingi mgonjwa hulazwa, huangaliwa saa zote, hupewa dawa ya maji ya kusafisha utumbo taratibu, na picha hurudiwa hadi zitoke zote. Dawa za mafuta kama mafuta ya nyonyo ni hatari hapo kwa sababu mafuta hulainisha na kudhoofisha mpira uliofungia. Ukimkuta mwenzio analala haamki, anapumua polepole, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, mkimbize hospitali na useme wazi alichokimeza. Kuna dawa ya sindano iitwayo naloksoni inayoweza kumrudisha, lakini lazima daktari ajue.

Sasa nieleze kisa kimoja. Nimebadilisha mambo mawili matatu ili mwenyewe asitambulike. Baba mmoja wa makamo aliletwa na mkewe siku ya nne ya maumivu. Joto lilikuwa juu, mapigo ya moyo yanakimbia, na tumbo gumu kama ubao. Nikamwuliza, "Baba, kuna kitu chochote kimeingia huko nyuma?"

"Hakuna, mwanangu. Ni choo tu kimenigomea."

Nikamwomba mkewe atoke kidogo akatusubiri nje. Mlango ulipofungwa akanishika mkono. "Mwanangu, nisitiri." Nikamwambia, "Nitakusitiri baba, lakini niambie." Alikuwa amefunga choo wiki nzima, akajaribu kujichokoa kwa mpini wa upawa, mpini ukavunjika ndani. Siku ya pili akanywa haluli ili utoke. Siku ya tatu akaongeza.

Eksirei haikuuonyesha mpini, kwani ni mti. Ilionyesha hewa chini ya kiwambo cha pumzi, mahali ambapo hewa haifai kuwepo, na hiyo ina maana utumbo umetoboka na uchafu unamwagika tumboni. Alipasuliwa usiku ule ule. Alikaa miezi na mfuko wa kinyesi ubavuni kabla ya utumbo wake kuunganishwa tena. Yu hai, alhamdulillahi, na tukikutana Marikiti ananisalimia kwa mbali na kuharakisha, nami namwelewa.

Haluli, sanamaki, mafuta ya nyonyo, bomba la maji ya sabuni: vyote hivyo hufanya kazi kwa kuufanya utumbo usukume. Utumbo ukisukuma dhidi ya kitu kigumu chenye ncha, ni utumbo unaochanika. Kwa hiyo nyumbani usinywe chochote cha kuharisha. Usitie mafuta na kuvuta kwa koleo la jikoni, waya au kijiko. Usikae ukijikamua chooni saa nzima. Na ukishaamua kwenda hospitali usile wala usinywe njiani, kwani huenda ukahitaji nusukaputi, na tumbo lililojaa huchelewesha. Kama kuna kingine kinachofanana na kilichoingia, mathalan chupa ya aina ile ile, chukua mfano wake. Daktari akijua urefu, unene na kama ni kioo au plastiki, nusu ya kazi imekwisha.

Ukifika utapimwa presha, joto na mapigo, kisha tumbo litabonyezwa. Halafu picha, na picha hutangulia kidole. Wengine hushangaa kwa nini daktari hakimbilii kuingiza kidole. Ni kwa sababu kama kuna kioo kilichovunjika au ncha, kidole chake kitakatika na kitu kitasukumwa. Eksirei ya tumbo huonyesha kitu kilipo, chini kwenye puru au juu penye kona. Eksirei ya kifua ukiwa umesimama huangalia ile hewa niliyoitaja. Mti, plastiki na miba mingi ya samaki haionekani vizuri, hapo huhitajika siti skani, ambayo ni ghali zaidi na si kila hospitali inayo. Ndipo unaona thamani ya kusema ukweli: ukweli wa mgonjwa hauna bili, na mara nyingine huonyesha kisichoonekana kwenye mashine.

Kama utumbo haujatoboka, daktari hujaribu kukitoa kwa njia ile ile kilimoingilia. Utapewa dawa ya kutuliza na ya maumivu, au ganzi ya uti wa mgongoni, ili ule msuli usiotusikia ulegee. Utalazwa chali, miguu imeinuliwa kama mama anayejifungua, na msaidizi huweza kukibonyeza kitu kwa juu ya tumbo ili kishuke. Huvutwa kwa mkono au koleo maalumu. Kwa chupa na gilasi kuna hila ninayoipenda: daktari hupitisha mpira laini, ule ule wa mkojo, pembeni mwa chupa hadi nyuma yake, akapuliza hewa. Mnyonyo unakatika. Kisha hujaza maji kile kipuli cha ncha ya mpira na kuvuta, chupa inakuja pamoja nao. Kioo hakibanwi kwa koleo la chuma, kwa sababu kikipasuka ndani, tatizo moja limekuwa mia.

Mwaka 2004 madaktari wa upasuaji wa Los Angeles, Marekani, walichapisha hesabu ya visa 93 vya vitu vilivyoingizwa kwa nyuma. Karibu robo tatu vilitolewa kitandani, bila hata kuingia thieta. Waliopasuliwa tumbo walikuwa 8. Waliokuwa na kitu juu penye ile kona ndio waliohitaji thieta zaidi kuliko wale ambao kitu kilikuwa kwenye puru. Hesabu hizo huwa nawatajia wagonjwa wanaotetemeka mlangoni wakidhani watachinjwa.

Tumbo hupasuliwa ikiwa kitu kiko juu hakifikiki, au kimekataa kushuka hata chini ya ganzi, au utumbo umetoboka. Hata hapo daktari hujaribu kwanza kukisukuma kishuke kwa chini bila kuufungua utumbo. Utumbo uliotoboka ukiwahiwa, pengine hushonwa na basi. Ukichelewa na tumbo likachafuka, ndipo huja ule mfuko wa ubavuni, na kwa wengine huja mauti, kwa sababu sumu ya uchafu huingia katika damu.

Dalili za kutongoja hata asubuhi ni hizi: tumbo kukaza na kuuma ukiligusa, homa, kutapika, kutotoa hewa wala choo, damu nyingi, kizunguzungu na jasho baridi.

Najua mnachokiogopa. Kisiwa ni kidogo. Aliye mapokezi ni shemeji wa jirani, na anayesukuma machela mlisoma naye madrasa. Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wengi wetu bado tunaiita Makadara, iko mlangoni petu, na huo ukaribu ndio unaomfanya mtu wa hapa asiende. Haki yako ni hii. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 11, inasema habari za mgonjwa ni siri, isipokuwa kwa amri ya mahakama au sababu chache zilizotajwa na sheria yenyewe. Mfanyakazi anayezitoa barazani anavunja sheria, na sisi wa kazi hii tuseme wazi kwamba wapo wanaoropoka na wanatutia aibu sote. Ukifika mapokezi si lazima ueleze mbele ya foleni. Sema, "Nina dharura ya tumbo, naomba nimwone daktari faraghani." Mwanamume anaweza kuomba daktari mwanamume, na mwanamke daktari mwanamke, akiwepo utapewa. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, kwa hiyo kukosa pesa mfukoni usiku huo kusikuzuie. Kama bado roho inakataa kwenda karibu na nyumbani, vuka daraja uende Nyali, ilimradi ni hospitali yenye daktari wa upasuaji na eksirei, na ilimradi ni leo. Duka la dawa la mtaani halina la kukufanyia hapa zaidi ya kukupotezea saa.

Walioingiziwa kwa nguvu, mkubwa au mtoto, mwanamke au mwanamume, wana haki ya kutibiwa kwanza. Hakuna anayepaswa kukwambia uanze kwa polisi. Usioge wala kufua nguo ulizokuwa umevaa, zitie kwenye mfuko wa karatasi uende nazo. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa ya mapema ni bora. Hospitali Kuu ya Pwani ina kituo cha kuwahudumia waliodhulumiwa. Simu ya 1195 ni ya dhuluma za kijinsia, na 116 ni ya watoto, zote hazilipishwi. Mtoto akikutwa na kitu, au na damu kwenye chupi, msimpige na msimhoji mbele ya ukoo mzima. Mchukue mama yake au mtu anayemwamini, mumpeleke.

Baada ya kitu kutoka, usiondoke mbio kwa furaha. Daktari atataka kuangalia kwa kamera fupi kama utando wa ndani umechanika, na huenda akarudia eksirei na kukulaza hadi kesho yake. Tundu dogo halipigi kelele siku ya kwanza. Nyumbani kunywa maji kwa wingi, kula papai na mboga ili choo kiwe laini, na usibebe mizigo mizito hadi maumivu yaishe. Doa la damu siku moja mbili si ajabu. Lakini homa ikipanda, tumbo likianza kukaza au damu ikiongezeka, rudi saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Usingoje tarehe ya kliniki waliyokuandikia kwenye kadi.